Pikipiki Iliyopozwa kwa Salamu

"Hajazaliwa wa kuniuzia chombo kibovu kwa bei ya kizima," Bwanaheri, fundi baiskeli wa Bagamoyo, alitangaza kwenye kahawa, watu wakacheka. Mwaka 1974 akasikia kuna pikipiki kuukuu Msata, ile kubwa ya safari ndefu, yenye kioo mbele na masanduku ubavuni. Alitaka kuifufua mwenyewe. Aliuza minazi yake ya Kaole, na mkewe Zaina akamwambia akipunjwa asirudi.

Nilimsindikiza. Mwenye mali, Mzee Pazi, aliyejuana na Bwanaheri tangu zamani, alisema haijawashwa tangu juzi. Bwanaheri akaiegemea kidogo, akaondoa mkono upesi. Injini ilikuwa ya moto.

Akasalimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Piga teke usikie inavyoimba."

"Tutasikia. Mama watoto hajambo?"

"Hajambo. Iwashe basi."

"Na wakwe? Na yule shemeji wa Lugoba, mguu umepona?"

Pazi ni mtu wa pwani, asingethubutu kukatiza salamu. Alijibu habari za ukoo mzima, mbuzi wakiwemo, huku akiitazama pikipiki kama mtu anayetazama wali wake ukipoa.

Bwanaheri akaigusa tena; ilikwisha poa. "Sasa iwashe wewe, mzee."

Pazi alipiga teke mpaka kiatu kikamvuka. Kimya.

"Leo ina mafua," akasema.

"Nami nanunua wagonjwa. Ila kwa bei ya mgonjwa."

Pazi alikuwa ametaka shilingi elfu mbili. Ikauzwa mia sita.