Hadithi ya Muhogo imenigeukia

Sasa mtoto analia, anasema hawezi kumla Muhogo, ni rafiki yake.

Jamani.

Mwaka huu mvua imetukimbia, mahindi yamekauka yakiwa madogo. Nyumbani tunakula bada, ule ugali wa muhogo. Neema, mtoto wa dada yangu, hautaki kabisa. Tangu jana ni chai tu.

Mimi kuongea siwezi, mnanijua. Leo nikajikaza.

"Hadithi hadithi!"

"Hadithi njoo!" akaitikia.

Nikamwambia jua lilipowaka, Mahindi akalia akalala chini. Maharage akakimbia. Muhogo peke yake akabaki, akasema, "Mimi nawasubiri watoto wa nyumba hii."

Nikaona macho yanamng'aa. Nikasogeza sahani taratibu.

Ndo kilio kikaanza!

"Mjomba, katusubiri halafu tunamla?"

Mama huko jikoni anacheka mpaka anakohoa. "Mwaka mzima hufungui mdomo, leo umefungua, mtoto kagoma kula!"

Akatoka na kipande cha mti wa muhogo, akampa Neema.

"Mjukuu wangu, Muhogo hafi. Mti wake huu ukiuchomeka ardhini, anaota tena. Wewe kula, halafu ukampande."

Neema akauangalia ule mti. Akamega tonge dogo, akachovya kwenye mboga ya mchunga.

Akala. Akamega lingine.

Mimi nikageukia ukutani, macho yalikuwa yananiwasha.

Nyie mngemjibuje?

Haya, naondoka. Neema yuko mlangoni na jembe, anasema tukampande Muhogo, asilale nje.