Mashine ya Mguu na Chale za Shangazi

Wakati ule nyumbani Heru Juu tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kiume mwenye mguu mbovu, mdogo wetu wa mwisho ambaye bado alikuwa ananyonya kidole, na shangazi yetu, dada wa baba, aliyekuja kutoka Muyama kutuangalia. Baba na mama walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Mimi ndiye niliyeacha shule ili hao wawili wale na wasome.

Mguu uliharibika baada ya sindano ya malaria. Homa iliondoka, lakini unyayo ukakataa kuinuka. Akitembea, vidole viliburuta, kisha unyayo ukapiga chini, pa! Wenzake shuleni wakamwita Malapa, kwa ule mlio wa ndala. Alicheka nao kwa muda, halafu akaanza kuchelewa kutoka darasani ili arudi peke yake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya Kasulu alinieleza kwamba mshipa wa fahamu ulikuwa umeumia ila haujafa. Misuli isipofanyishwa kazi wakati mshipa unapona, itanyauka, na mguu utabaki hivyo maisha yake yote. Akatuazima mashine.

Ilikuwa kisanduku kidogo cha betri, chenye kitufe cha kuzungusha na nyaya mbili zinazoishia kwenye vipande vya mpira. Chini ya kila kipande unaweka sponji iliyoloweshwa maji. Alinifundisha palepale na kunirudisha mwanzo kila nilipokosea. Osha mguu kwa sabuni, usiache mafuta. Nasi tulizoea kujipaka mawese mpaka tunang'aa. Funga vipande upande wa mbele, chini ya goti. Anza kitufe kikiwa chini kabisa, ongeza polepole mpaka unyayo uinuke, uishie hapo. Zima kwanza, ndipo ubandue, kisha tazama ngozi. Usiweke kifuani, usiweke shingoni, usiweke penye kidonda. Mashine ilikuwa hiyo moja tu, na mwisho wa mwezi ilikuwa zamu ya mtoto mwingine.

Mara ya kwanza nilipozungusha kitufe, unyayo uliinuka kama mtu aliyeitwa. Mdogo wangu aliutazama kwa mashaka.

"Unainuka," aliniambia, "lakini si mimi."

Nikamwambia ajaribu kuuinua pamoja na mashine, kama tulivyoelekezwa.

Shangazi alitazama mambo haya siku kadhaa. Siku moja nilikwenda kisimani. Niliporudi nilikuta wembe juu ya kigoda, na mguu wa mdogo wangu umechanjwa chale safu mbili, mahali palepale panapokaa vile vipande vya mpira, zimepakwa dawa nyeusi. Kwetu dawa hupitia kwenye chale. Shangazi alikuwa ameona nikihangaika na umeme juu ya ngozi iliyofungwa, akanihurumia.

"Dawa bila mlango itaingiaje?" alisema. "Haya, washa sasa uone."

"Shangazi, leo siwashi."

"Unaogopa kisanduku?"

"Naogopa kumchoma."

Mdogo wangu akanishika sketi. "Dada, washa tu. Nitavumilia."

Neno hilo ndilo lililonitisha zaidi. Sehemu ya mguu ule ilikuwa na ganzi. Angeweza kuungua bila kujua kuna kitu cha kuvumilia. Nilifunga mashine ndani ya kanga. Shangazi alisema kwamba siku hizi watoto wanawalea wazee. Asubuhi nikateremka Kasulu kwa miguu.

Mtaalamu hakufoka. Alisema tungoje mpaka magamba yadondoke yenyewe na ngozi ifunge kabisa. Nilipouliza kuhusu zamu yetu, alinionyesha mama mmoja kwenye benchi. Huyo alitoka Busunzu, Kibondo, akafikia kwa nduguye mjini, akingojea mashine kwa ajili ya binti yake. Alitaka kuondoka nayo kabla mvua hazijakolea. Mtaalamu alituambia kwamba binti angeweza kuendelea kwa muda na mazoezi ya kuinuliwa mguu kwa mkono, ila uamuzi ni wa mama yake.

Yule mama alinitazama kuanzia miguuni. Akauliza mama yetu yuko wapi.

"Ni mimi," nikasema.

"Basi kaa nayo mpaka amalize. Lakini mvua itanikuta hapa mjini. Maharage yangu ya mwakani utanilimia wewe."

Nikakubali.

Ngozi ilipofunga tulianza upya. Shangazi alijipa kazi ya kulowesha sponji, na hakuna aliyemzidi kukagua mafuta. "Mawese ni ya kwenye maharage," alimwambia mdogo wangu akimsugua muundi, "wewe hupikwi." Taratibu unyayo ukaanza kunyanyuka kabla sijazungusha kitufe. Kidogo tu, lakini alikuwa ni yeye. Shuleni waliendelea kumwita Malapa, naye akaanza tena kurudi nao.

Mashine niliipeleka kwa yule mama kwa mkono wangu. Mvua za mwaka uliofuata nilipanda lori hadi Busunzu, jembe begani. Binti yake aliniletea maji ya kunawa, akitembea kwa uangalifu lakini bila kuburuta mguu. Shamba nilikuta limeshalimwa. Wanawake wa kanisani kwao walikuwa wamemsaidia.

Nilimwomba anipe kazi nyingine yoyote. Akakataa.

"Tulipatana kulima," alisema. "Huwezi kunilipa kwa kukaa hapa ukila ugali wangu. Nikikwama nitakuita. Jembe liache."

Akalichukua, akalisimamisha nyuma ya mlango wake. Tangu siku hiyo hunitumia salamu kwa watu wanaokuja mnadani Kasulu, kwamba hajambo, binti hajambo, na jembe ni zima. Kila msimu mimi husikiliza kama kuna neno zaidi. Bado hajaniita.