Luteni Aliyeomba Maji

Kila ninaponusa karatasi yenye joto la mashine ya fotokopi, narudi mtaa wa Hamriya, kwenye duka lenye upana wa mlango wake tu, nikiwa na miaka kumi na miwili na miwani iliyofungwa kwa plasta. Miss Aileen, mwalimu wetu wa Kiingereza, alikuwa akitoa nakala za shajara ya vita, lile daftari ambamo kikosi huandika mambo yake ya kila siku. Kilikuwa kikosi cha Waskoti, na baba yake, luteni, alikufa nacho Burma yeye akiwa bado anatambaa. Kurasa zilimjia kwa posta, chache chache, naye akitunga kitabu kutokana nazo. Mimi, kwa kiherehere ambacho hakijaniacha mpaka leo, nikamwambia, "Babu yangu alikuwa huko." Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, joto la Mei limeshaanza kulainisha lami, na shule zikifungwa Miss Aileen angeondoka Oman moja kwa moja.

Babu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na kwa muda alibeba majeruhi wa Waskoti hao. Lakini nyumbani kwetu Ansab vita vyake havikuwa na waumini. Hakuwa na nishani wala karatasi; vyote vilibaki Unguja siku ya mapinduzi, walipotoka na nguo za mwilini tu. Akianza kusimulia, Ami Nasor, mdogo wake baba, husema, "Haya, Burma imefunguliwa," na watu hutafuta viatu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuja kumsikiliza kwa kalamu mkononi alipokelewa kama balozi. Babu alinyoa, akavaa kanzu mpya, halwa ikatolewa, kahawa ikamiminwa. Kiingereza chake kilikuwa cha amri tu: simama, geuza, rudi nyuma. Mkalimani nikawa mimi.

Alimkumbuka luteni, mrefu mwenye nywele nyekundu. "Nnamwona mpaka leo," alisema. "Kapigwa risasi ya tumbo. Mto umejaa, gari haivuki, tumekaa pale asubuhi mpaka alasiri. Akiomba maji, na daktari kakataza asipewe. Mwambie."

Sasa, kwetu msiba hauletwi mkavu. Ndugu yake bibi alipofariki Unguja, bibi aliambiwa siku ya kwanza kuwa anaumwa, ya pili kuwa kazidiwa, na ya tatu akakalishwa chini, akashikwa mikono. Mtoto wa nyumba ile angewezaje kumtupia mgeni kutwa nzima ya kiu? Nikamgeukia Miss Aileen na kusema kwamba baba yake alikufa palepale, wala hakuhisi kitu. Akaandika.

"Maneno yote yale yamekwisha mara hii?" aliuliza Babu.

"Kiingereza ni kifupi, Babu."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua wiki mbili. Miss Aileen alirudi na ukurasa mpya uliomjia kwa posta. Shajara ilisema luteni alijeruhiwa asubuhi na kufa alasiri, ndani ya gari lililokwama mtoni. Akaniambia kwa upole ambao afadhali ungekuwa hasira: wazee huchanganya mambo, pengine Babu hakuwepo, na hatamtia kitabuni.

"Kasema nini?" aliuliza Babu, akitabasamu, kikombe mkononi.

Ami Nasor, ambaye mara ya kwanza hakuwepo na safari hii alikuja kula halwa ya mgeni, alijua Kiingereza. Aliacha kutafuna. "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Kiyoyozi kilinguruma. Nilijua kwamba nikinyamaza, Babu atakufa akiitwa mwongo na watoto wake. Nikasema kwa Kiingereza, nikiutazama mkeka, kwamba mwongo ni mimi. Miss Aileen aliweka kikombe chini polepole. "Muulize tena," akasema. "Na usipunguze."

Babu hakusitasita. Alirudia mto, tumbo, kiu, na akaongeza jambo ambalo sisi hatujapata kulisikia: "Nililowesha kitambaa nikamfuta midomo, daktari hanioni. Akanishika mkono huu." Nilitafsiri neno kwa neno. Miss Aileen hakuandika kitu. Kisha akaomba maji, na Babu, ambaye hajapata kujichotea gilasi katika nyumba ile, akanyanyuka mwenyewe kumletea.

Mgeni alipoondoka, Babu alinitazama. "Mara ya kwanza hukumwambia."

"Sikumwambia, Babu." Nikangoja kofi.

"Basi na mimi leo sikumwambia yote," akasema, na kuomba kahawa.

Kitabu kilifika baada ya miaka kadhaa, na Ami Nasor huwaonyesha wageni ukurasa wenye jina la Babu kama vile yeye ndiye aliyeshika usukani. Mimi siku hizi nafundisha chuoni, na bila aibu yoyote usoni nawahubiria vijana wataje vyanzo vyao. Shajara zilizokuwa zikija kwa posta sasa hufunguka kwenye simu kabla kahawa haijapoa. Ukurasa wa siku ile nimeusoma mara nyingi. Umejaa saa na mvua, lakini kile alichokibakisha Babu hakimo. Aliishi miaka kumi zaidi, chumba cha pili kutoka changu, na sikumuuliza. Huwa nasema ilikuwa heshima. Mwanafunzi akiniandikia hivyo, humpigia mstari mwekundu.