Nilimsimulia afisa wa uhamiaji uzuri wa Bena Mushila, dada yangu akanyimwa hifadhi

Wakuu, salaam kutoka Kolwezi, Congo.

Naanza na swali, maana mimi nilipoulizwa nililijibu vibaya. Kama mtu hana amani mjini alikozaliwa, kwa nini asiende tu kuishi kijijini kwao?

Msikimbilie kujibu. Mimi nilikimbilia, ndiyo maana nipo hapa naandika.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaazima kisa cha mtu. Majina nimeyabadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa. Kiswahili chetu cha Katanga kikipenya humu ndani mtanivumilia.

Mimi nina digrii ya sheria. Tangu mdogo nabishana na kila kitu. Nilimuuliza katekista nani alikuwepo kuandika wakati dunia inaumbwa, akanitoa nje. Chuoni profesa alinipa jina la Madame Preuve, yaani Mama Ushahidi, kwa sababu sikubali neno bila ushahidi. Shikeni hilo jina, litanigeukia mbele.

Sisi ni familia yenye asili ya Kasai. Kama hamjui, Wakasai waliletwa huku zamani kufanya kazi kwenye migodi na reli. Wamezaa hapa, wamezikwa hapa. Lakini hadi leo mtu wa Kolwezi akigombana na wewe sokoni, neno la mwisho ni hilo hilo: rudi kwenu.

Dada yangu, yaya Béa (yaya kwetu ni mkubwa wako), alikuwa anapika bukari na samaki kando ya barabara ya kwenda Mashamba, kule kwenye mashimo ya shaba. Bukari ni ugali wenu huo. Wateja wake walikuwa vijana wachimbaji kutoka kila kona ya Congo. Walikuja na vumbi la kijani kwenye nyusi, wanakula kimya kama watu waliotoka chini ya maji.

Ikafika miezi ya maneno. Wakasai wamekuwa wengi, Wakasai wanachukua nafasi. Asubuhi moja kundi la watu lilibomoa kibanda chake. Kwenye geti letu wakaandika kwa makaa: MURUDIE KWENU. Wiki iliyofuata wakarudi, safari hii wanamwita kwa jina. Walimvunja mkono.

Yaya Béa aliondoka mkono ukiwa bado na plasta. Akapita nchi tatu, akaishia nchi moja ya baridi ambayo inasema Kifaransa. Huko akaomba hifadhi.

Hapa niweke pembeni kidogo, kwa wasiojua nchi inavyochagua nani abaki na nani arudi.

Wanataka vitu vitatu. Kwanza, woga wako uwe wa kweli. Pili, uwe unatokana na jinsi ulivyo, kabila lako, imani yako, siasa yako, siyo njaa tu. Tatu, pasiwe na sehemu nyingine ndani ya nchi yako ambako ungeweza kuishi salama.

Darasani hilo la tatu tulilipita haraka. Profesa alikuwa na mafua siku hiyo.

Yaya akanipigia. "Mudogo, banataka shahidi. Utaongea nabo kwa video. Weye njo ulisoma." Njo kwetu ni ndiye, ndiyo, ndiko.

"Niseme nini?"

"Sema kweli tu. Kweli haina kazi mingi."

Nilikodi chumba kwenye mkahawa wa intaneti pale Manika, mtaani kwetu. Mchana, jua kali, nje bodaboda zinapiga honi. Kwenye skrini akatokea mwanamke mwenye sauti ya upole, nywele nyeupe, na nyuma yake dirisha. Nje ya dirisha theluji ilikuwa inaanguka.

Sikuwa nimewahi kuona theluji ikianguka hai hai. Inashuka polepole mno, utadhani imesahau inakokwenda. Nikawa namsikiliza yule mama huku naitazama theluji, na kichwa kikaanza kuelea.

Mambo ya kibanda, geti na mkono niliyajibu vizuri. Akaandika yote.

Kisha akasema, "Kwenye kadi ya dada yako imeandikwa asili yenu: Kasai, kijiji Bena Mushila. Kama Kolwezi ni hatari, kwa nini asiende kuishi huko?"

Nikaitazama theluji.

Pembeni tena kidogo. Kwetu Congo, kadi ya kitambulisho inaandika mahali ulipozaliwa, halafu inaandika asili yako, yaani kijiji cha wazee wako, hata kama hujawahi kukikanyaga. Baba yetu alilelewa na mama yake peke yake, kwa hiyo kijiji chake Kaku, bibi yetu, ndicho kilichoandikwa. Bena ni neno la Tshiluba, lugha ya Kasai, maana yake watu wa. Watu wa Mushila.

Na tangu darasa la kwanza kila mtu anakuuliza, kwenu njo wapi? Ukikosa jibu unachekwa, unaitwa mtoto wa njiani. Kwa hiyo sote tulijifunza kukisimulia kijiji cha Kaku kama sala. Mimi nilikuwa bingwa.

Yule mama akauliza tena, "Unakijua?"

Mtu mwingine angesema sijui. Mimi nikafungua mdomo na Kaku akatoka humo.

Nikamweleza mto wenye mawe mawili makubwa, kama wanawake wawili walioketi wamepeana mgongo. Daraja la chuma linaloimba kabla kitu chochote hakijapita juu yake. Nyumba zilizopangwa mstari mmoja, milango yote inatazama upande mmoja. Wakati wa kiangazi majani ya miti yanakuwa meupe, ukiyapuliza yanarudi kijani. Na kengele ya alfajiri, ambayo haifanani na kengele ya kanisa, sauti yake kavu, inawaamsha wote kwa pamoja.

Nilisema kwa muda mrefu. Kule theluji inashuka, huku naona majani meupe. Kwa dakika chache sikujua ni ipi iko nje ya dirisha la nani.

"Ni pazuri," akasema. "Bado papo?"

"Papo."

"Na watu wenu wapo?"

"Kwetu ni kwetu, Madame. Watu hawakosekani."

Akatabasamu, akaandika. Mimi nikatoka pale natembea juu ya mawingu. Nikanunua hata karanga za kujipongeza.

Barua ilimfikia yaya baada ya miezi kadhaa. Walikubali kwamba amepigwa kule Kolwezi. Walikubali kwamba anaogopa. Halafu sentensi moja: shahidi, ambaye ni mdogo wake, ameeleza kwa kina kijiji cha asili kilicho salama, chenye ndugu, ambako muombaji anaweza kuhamia. Ombi limekataliwa.

Akanipigia kunieleza, nikasubiri anitukane.

"Umeeleza muzuri sana, mudogo," akasema. "Banisomea yote. Hata mi nilitamani kuenda kule."

Wakuu, ningependa angenitukana.

Ilibaki rufaa. Nikasema nitaandika kwamba sijawahi kufika huko. Wakili wake akajibu kwamba shahidi anayegeuza maneno haaminiki, nitafute kitu kizito zaidi: karatasi, au mtu wa kijiji hicho aseme hatuna mtu kule.

Baba na Kaku walikuwa wamekwisha kufa. Mama anajua tulichojua sisi, mawe mawili na daraja. Jumapili nikawafuata wazee wa Kikasai (tunawaita Tata) wanaoketi kwenye benchi nje ya kanisa letu Manika.

"Bena Mushila?" Tata Kabeya akaruka. "Mi najua! Unapita Mwene-Ditu, kule Kasai, unakata na kushoto."

"Kulia," akasema Tata Ngoyi, aliyestaafu reli.

"Kushoto!"

"Weye Kabeya ulifika Mwene-Ditu siku gani? Ukipanda bisi ya Likasi tu unatapika."

Benchi zima likacheka. Nami nikauliza, kwa tabia yangu mbaya, "Tata Kabeya, kwenu wewe mwenyewe umefika?"

"Mi? Nilizaliwa hapa, mu camp ya kampuni."

"Na wewe, Tata Ngoyi?"

"Hapa hapa."

Nikazunguka benchi lote, wazee sita. Hapa, hapa, hapa. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kikaisha. Kila mmoja akawa anatazama viatu vyake vya Jumapili.

Mwishowe Tata Ngoyi akasema taratibu, "Lakini Kaku yenu, mi njo nilimubebea mizigo siku ile anafika Kolwezi. Hakutoka Kasai. Alishuka mu train ya Lubudi."

Lubudi ni mji wa reli, upo humu humu mkoani kwetu, Lualaba. Kilimo, biashara ndogo ndogo, malori yanapita. Niliwahi kupita usiku nikiwa nimelala.

Safari hii nilifika asubuhi. Niliulizia wazee wa zamani wa reli, nikapelekwa kwa Mama Agnès, mjane mwenye kicheko cha msichana. Nikamtajia jina la Kaku.

Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. "Ntumba! We uko na pua ya Ntumba. Pole, mama, kwa pua hiyo."

Nikamuuliza kama anaijua Bena Mushila. Akachukua fimbo yake, akaanza kutembea, mimi nyuma.

Tulipita stesheni. Nikaona kipande cha reli kimening'inizwa kwenye nguzo. Akakigonga na fimbo, kikatoa sauti kavu.

"Kapita, mukubwa wa kazi, njo alikuwa anagonga hii kwa kuamsha bantu," akasema.

Mwili wangu ulijua kabla yangu.

Tukashuka mtoni. Yale mawe mawili yalikuwepo, yamepeana mgongo, na wanawake wawili wanafua baina yake. Juu yetu daraja la reli. Tukasimama. Chuma kikaanza kuimba, sauti nyembamba kama mtu anayekumbuka wimbo, na treni bado haijaonekana popote. Ikaja ikapita, daraja likaendelea kuimba. Majani ya kando ya njia yalikuwa meupe kwa vumbi la chokaa. Nikapuliza moja, likawa kijani.

Sijui nilikaa pale muda gani.

Mama Agnès akanionyesha uwanja wa nyasi nyuma ya stesheni. "Hapa njo Bena Mushila. Nyumba za bantu ba reli, mustari moja. Walibomoa zamani. Mi nilikuya kuolewa hapa, nikakuta jina liko."

"Kwa hiyo siyo kijiji? Siyo Kasai?"

"Kasai gani? Ntumba alizaliwa hapa, na mimba zake zote alibebea hapa."

Hebu fikirini. Kaku hakuwahi kusema Kasai. Alisema kwetu, Bena Mushila. Baba alipokwenda kuandikisha kadi, karani akasikia jina la Tshiluba, akaandika Kasai bila kuuliza. Baba naye hakubisha, kwa sababu kila mtu alikuwa anamwambia kwao ni huko. Nasi tukarithi kosa la kalamu.

Na mimi, Mama Ushahidi! Kijiji chenye daraja la chuma, nyumba za mstari mmoja na kengele ya kazi. Nilikisimulia maisha yangu yote, sikujiuliza hata mara moja ni kijiji cha aina gani hicho.

Mkuu wa mtaa pale Lubudi aliniandikia karatasi yenye muhuri: Bena Mushila ilikuwa safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli, imebomolewa, haina mkazi. Mama Agnès akaweka alama ya dole gumba. Nikapiga picha za nyasi, mawe na daraja, nikamtumia wakili.

Rufaa ilichukua muda, nikakonda. Yaya Béa alikubaliwa. Sasa anapika kwenye kantini ya shule, mkono wake unauma wakati wa baridi. Siku aliyopata karatasi zake alinitumia ujumbe mmoja tu: "Tuma tena foto ya daraja. Ile yenye mayi ya muto."

Nilichojifunza ni hiki. Nchi hazichagui watu, zinachagua hadithi zilizoandikwa kuhusu watu. Na hadithi nyingine zimeandikwa na karani aliyekuwa na haraka. Ukiitwa kumshuhudia ndugu yako, usisimulie unachokipenda, sema ulichokiona kwa macho yako. Kama hujaona, sema sijaona. Inauma, lakini haimrudishi mtu.

Yule mama wa theluji simchukii. Aliuliza swali la halali. Bado najiuliza tu kama mtu anaweza kurudishwa mahali ambapo hajawahi kutoka. Wanasheria mliomo humu, nipingeni.

Na ninyi wengine, angalieni vitambulisho vyenu leo. Kile kijiji mnachosema ni kwenu, mmeshafika huko? Nani alikiandika? Wekeni hapa chini, nitasoma yote.

Ah, na hili nililipata mwaka jana tu, yaya akiwa tayari na karatasi zake. Nilirudi Lubudi kumsalimia Mama Agnès, nikapita parokiani kuomba kuona daftari la ubatizo. Jina la Kaku lipo, wino umefifia. Mtoto: Ntumba. Amezaliwa: Lubudi. Baba: Mushila, kapita wa reli.