Uvimbe Aliouzima Kipkurui

Kipkurui ana agroveti, duka la dawa za mifugo, mjini Sotik, na kwa miaka ishirini kazi yake imekuwa kupigana na uvimbe: viwele vya ng'ombe, kwato, magoti ya ndama. Uvimbe kwake ni adui, basi. Kwa hivyo binti yake Chepchirchir alipowekwa waya za kunyoosha meno na fizi zikafura, hakutulia. Kila jioni alimsimamia na kidonge cha kuzima uvimbe na kikombe cha maziwa.

"Baba, naweza kuvumilia."

"Meza! Uvimbe si kitu cha kuchekea."

Mwaka ukaisha, meno yakawa yamesogea kidogo mno. Daktari wa meno aliposikia habari za vidonge, alishika kichwa.

"Mzee, waya ikisukuma jino, ule uvimbe mdogo ndio unaoambia mwili ulainishe mfupa, jino lipate njia. Huenda wewe ulikuwa unaunyamazisha kila jioni. Si ungeniuliza?"

Kipkurui, mtu wa kushauri wilaya nzima kuhusu dawa, alimgeukia binti yake, aliyekuwa ameziba mdomo kwa kiganja kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Hata hayakuwa yanauma sana, Baba," Chepchirchir alisema. "Nilikuwa nameza tu ndio wewe upate usingizi."