Salamu ya Kidole Kimoja

Kwenye barabara ya pwani ya Balnasker, kaskazini kabisa mwa Uskoti, mtu akipishana na mwenzake hapungi mkono. Anainua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani, kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka jambo halafu akaliacha. Inatosha. Maana yake: nakujua, nilimjua baba yako, na nilisikia ulichosema kwenye harusi ya binamu yangu. Mkono mzima ni wa watalii. Unapungwa pamoja na tabasamu la meno yote, na maana yake ni pita upesi.

Hector Mackay alikuwa bingwa wa kidole hicho. Maisha yake yote ya utu uzima aliendesha basi la shule kwenye barabara ile isiyotosha magari mawili, akijibanza kwenye vibaraza vya kupishania huku bahari ikimtazama upande mmoja na kondoo upande wa pili. Na kwa kuwa nusu ya kijiji ni Mackay, na nusu ya hiyo nusu ni Hector au Donald, kila mtu hupewa jina la pembeni. Halichaguliwi na halina rufaa. Kulikuwa na Donald wa Kuku, Donald Kimya, na Donald wa Glasgow, ambaye alikaa Glasgow wiki moja tu akarudi analia. Hector wetu alikuwa Hector wa Basi.

Hector wa Basi aliyachukia magari-nyumba, yale ya watalii yenye kitanda na jiko ndani, kama wengine wanavyomchukia shetani, ila yeye alikuwa na ushahidi. Kila kiangazi yalikuja msururu, meupe, mapana kama friji zilizopata leseni, yakaizunguka pwani kutazama miamba. Siku moja alikuta mume na mke wamelisimamisha lao katikati ya kibaraza cha kupishania, wametoa meza, wanakaanga mayai. Akapiga honi. Mwanamume akamwinulia kikombe.

"Mandhari nzuri sana!" alisema.

"Hiyo mandhari ina watoto ndani wanaochelewa hesabu," alijibu Hector. "Ondoa kikaango chako."

Basi zima lilishangilia. Hadithi hiyo iliendelea kusimuliwa hadi wale watoto wakawa na ndevu. Na Hector ndiye aliyepigilia gatini, kwa nyundo yake mwenyewe, ubao wa kwanza wa HAKUNA KULALA KWENYE MAGARI. Ubao ule haukuwa na nguvu yoyote ya kisheria, na upepo wa Januari uliuchukua ukaupeleka Norwe, lakini heshima yake ilibaki.

Kisha mambo mawili yakafuatana. Shule ikafungwa kwa kukosa watoto, basi likaenda nayo. Halafu mama yake, aliyekuwa akiishi naye, akafa.

Nyumba na kishamba chake huku havikatwi vipande kama keki. Hurithi mtu mmoja. Mama alikuwa amemwandikisha Kenna, dada yake Hector, kwa sababu Kenna alikuwa na mume na mipango, na Hector alikuwa na basi. Kenna hakumfukuza. Kenna hajawahi kumfukuza mtu maishani mwake. Humuuliza tu kama amefikiria.

"Kaka, umefikiria Pasaka utakuwa wapi? Kuna wageni wamelipia."

Nyumba ikapakwa rangi ya kijivu cha bahari. Mitego ya kaa ya marehemu baba ikatundikwa sebuleni pamoja na nanga ambayo baba hakuwahi kuwa nayo. Hector aliambiwa atarudi majira ya baridi, lakini ikagundulika kwamba kuna watu wanaolipa hata Desemba ili waone mwangaza wa kaskazini ukicheza angani usiku. Nyumba nyingine za kijiji zilishakwenda njia hiyo hiyo ya kukodishwa watalii. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Balnasker, akakulia Balnasker, akawafikisha shuleni watoto wote wa Balnasker, alinunua kwa mjane mmoja Mwingereza kitu pekee cha kulala kilichobaki pwani nzima.

Lilikuwa jeupe. Pana kama friji.

Ndivyo Hector alivyoanza kutalii pwani yake. Fukwe zina vibao vya kukataza siku hizi, vibao vya kisheria kabisa, na kila kibao kilimsukuma hadi kibao cha mbele. Alijifunza kupika supu ya shayiri akiwa ameinama. Alijifunza kubeba ndoo ya choo chake mbele za watu kwa uso wa mtu anayebeba maziwa. Usubi walimtafuna, na magari-nyumba wenzake wakampungia mikono kwa upendo. Mama mmoja wa Leeds alimgongea dirisha kumpa jamu.

"Umeshazunguka pwani yote?"

"Tangu nizaliwe, mama."

"Bahati yako!" alisema yule mama, na alimaanisha.

Mahali pekee alipopata pumzi ni gatini Balnasker. Kuna ukuta unaozuia upepo, kuna bomba la maji, na binamu yake Alasdair, mvuvi wa kaa, alimtolea waya wa umeme kutoka kwenye kibanda cha mitego. Kijiji kililiona lile gari na kuamua kutoliona. Hiyo ndiyo adabu ya huku: humwoni mtu hadi aombe kuonekana.

Lakini kiangazi hicho gati lilijaa, na mtu akamwaga choo chake kwenye kijito kinachopita kanisani. Kamati ya kijiji ikaitisha mkutano. Mwenyekiti: Kenna.

Asubuhi ya mkutano Alasdair alikuja na samaki wawili na wasiwasi.

"Wanataka kufunga chuma cha kukingama juu ya njia ya gati, kila gari refu kwenda juu lisipite. Unajua lako ni refu?"

"Najua urefu wa gari langu."

"Basi sema maneno mawili tu: isipokuwa wakazi. Hakuna atakayekataa kukupa ufunguo wake. Lakini lazima uyaseme wewe, Hector. Mimi nikikusemea itaonekana nakuombea."

"Nitasema."

"Apa."

"Aah, toka hapa, unanuka chambo."

Alikusudia kweli kuyasema. Aliyafanyia mazoezi akijinyoa. Halafu akapitia dukani kununua sigara, na kabla hajaingia alimsikia mwenye duka akimwambia mteja, "Hapana, siyo yule Hector. Hector Mtalii."

Alisimama nje, mkono kwenye kitasa. Hakuingia. Jioni ile hakuwa na sigara.

Ukumbi ulijaa. Chai, skonzi, biskuti za siagi, na watu wanaotazama viatu vyao. Kenna alieleza habari za kijito kwa ufasaha wa mtu ambaye wageni wake wameandika malalamiko. Mwisho akauliza, huku akipanga miwani, "Kuna mkazi yeyote atakayeumizwa na jambo hili?"

Alasdair alikohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, mpaka mwanamke wa nyuma akampa peremende.

Aliyesimama ni Giles, daktari wa meno mstaafu kutoka Surrey, mgeni mwenye moyo safi ambaye baada ya kukaa huku miaka mingi bado husema mambo kwa sauti.

"Samahani. Na Hector je? Si anaishi pale?"

Ukumbi mzima uliona haya kwa niaba ya Giles. Mtu aliangusha kijiko. Mlango ulikuwa umefunguliwa, mpana, na kilichobaki ni Hector kupita na maneno yake mawili. Alisimama. Mdomo wake ulifunguka. Kisha akawaona wote wanavyomtazama, kwa huruma, huruma ile ile ambayo yeye alikuwa akiwatazama nayo watalii walionasa matopeni.

"Mimi?" alisema, akacheka. "Mimi niko pale kwa muda tu, Giles. Mimi si mtalii. Nani alipigilia ubao wa kwanza gatini?"

"Wewe, Hector!" mzee mmoja aliitikia, kwa nafuu kubwa.

"Basi tupige kura, chai inapoa."

Naye akawa wa kwanza kuinua mkono. Ukumbi wote ukamfuata, ila Alasdair, na Giles ambaye hakuelewa kilichotokea na hadi leo hajaelewa.

Nje, Alasdair alimshika ukosi. "Wewe ni mjinga wa daraja gani? Niambie, nikuandikie cheti!"

"Niachie koti."

"Maneno mawili, Hector!"

Kenna alitoka na mfuko wa skonzi zilizobaki, akamtia Hector mkononi. "Asante, kaka. Nilikuwa na wasiwasi ungesema kitu."

"Niseme nini?"

"Ndivyo nilivyomwambia mume wangu," alisema Kenna. "Aseme nini."

Siku chuma kilipofungwa, mafundi walikosa ngazi ndefu. Hector alikuwa nayo, juu ya paa la gari lake. Akawaazima, akawashikia isiteleze, nao wakamshukuru. Kisha akachomoa waya wa Alasdair, akaukunja vizuri, akautundika msumarini, na kuondoka.

Alielekea magharibi. Jua lilikuwa limelala kwenye kioo cha mbele. Pale bondeni ambapo zamani alipakia watoto wa nyumba tatu ambazo sasa zina nanga sebuleni, gari dogo lilitokea mbele yake. Lilijibanza upesi kwenye kibaraza cha kupishania ili kumpisha. Alilijua. Kiti cha nyuma kilijaa mashuka meupe ya wageni, na kwenye usukani alikuwa Kenna, amekunja macho kwa mng'ao wa kile kioo. Aliona weupe na upana, na hakuhitaji kuona zaidi. Akainua mkono mzima, akaupunga, akatabasamu kwa meno yote.

Kidole cha Hector kilikuwa kimeshainuka, chenyewe, kama kawaida yake. Alikitazama kidogo. Kisha akavifungua na vile vingine vinne.