Mke wa Bwana Weni

Mmeniganda kama kupe niandike habari za mtoto wa kaka yangu. Macho yamechoka, shule niliionja tu. Asiyeuweza mwandiko wangu akalale.

Binti huyu nilimlea mwenyewe tangu mama yake afariki. Mchapakazi, hajui kununa. Akaolewa na mwalimu wa Kiingereza, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Hawakuwa na pa kukaa, nikawapa vyumba vya mbele. Sebule mwalimu akaifanya darasa la jioni la watu wazima: mabenchi, ubao, na mke wake wa kufuta ubao.

Somo alilolipenda ni la sentensi za vipande viwili, kimoja kinakuambia lini, kingine kinakuambia kilichotokea. Weni, bifoo, afta, antili. Akipaza "weni!" bati linatetemeka, ndiyo mtaa ukamwita Bwana Weni. Mimi niko nyuma ya ukuta nachambua maharage. Anatoa sentensi, darasa linaangua kicheko, na mtoto wangu anacheka kuliko wote. Nikasema, haya, wanampenda mwalimu wao.

Kumbe! Jioni moja fundi cherehani, aliyekuwa akijifunza apate kazi hotelini, akatoka katikati ya somo akanifuata jikoni.

"Mama, unajua humo tunacheka nini?"

"Nitajuaje? Mimi na Kiingereza tulikutana wapi?"

"Tunamcheka mwanao. Mifano yote ni yeye. Mwalimu anasema, wakati mke wangu anapopika, paka anahama nyumba. Kabla sijamwoa, nilikuwa na akili timamu. Tunacheka, Mungu atusamehe, tunaogopa kunyimwa cheti. Lakini leo..."

"Leo nini? Usinimung'unyie."

"Leo kasema, kila mke wangu anaposhika mimba, mimi natafuta jembe la kuchimbia kaburi."

Watoto wake wote walikufa wachanga. Niliwaosha kwa mikono hii.

Binti alipokuja bombani kusuuza kitambaa cha ubao, nikamwambia yote, neno kwa neno. Akaendelea kukamua.

"Najua, shangazi."

"Unajua?"

"Tangu mwanzo. Ananifasiria mwenyewe kabla ya somo, nijue pa kucheka. Nisipocheka, mlango ukishafungwa napata changu."

"Na hiyo ya leo?"

"Ya leo nilichelewa kucheka. Niombee."

"Nikuombee nini! Anatoka."

Nikaingia darasani, nikaanza kuburuta nje benchi la mbele, na waliolikalia wakiwa juu yake.

"Haya, Bwana Weni, na mimi nina sentensi. Kabla jua halijazama, mwalimu na ubao wake wako barabarani!"

Darasa likacheka. Walewale, kicheko kilekile.

"Shangazi, unanidhalilisha mbele ya wanafunzi wangu?"

"Shangazi yako yuko kwenu. Toka!"

Mwalimu akafunga kifungo cha shati, akamtazama mkewe, akasema, "Twende."

"Wewe unabaki," nikamwambia binti yangu. "Chumba chako hicho."

Akauinua ubao, akajitwika kichwani.

"Umemwaibisha mbele za watu, shangazi. Hasira hizo atamshushia nani? Nikingoja aje kunichukua, itakuwa mbaya zaidi."

Wakashika njia, yeye nyuma. Walipofika kona, mwalimu akasema kitu kwa Kiingereza. Mtoto wangu akacheka. Safari hii hakuchelewa.

Msinitazame hivyo, sijutii. Nyumba ni yangu, nafagia ninavyotaka. Lakini mlitaka niandike, nimeandika, sasa ni zamu yenu. Mkipita popote jioni mkasikia darasa linacheka, ingieni mumtazame anayefuta ubao. Ni mrefu, ana kovu kidevuni. Mwambieni chumba cha mbele kitupu, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Na mkimkuta anacheka, msidanganyike mkaondoka. Mleteni.